Mapigo 168, mioyo mitatu

Jumamosi ya kwanza niliyovaa saa ilikuwa ya Januari, na joto la Dar lilikuwa limeshaamka kabla yetu. Tulitoka Tandika saa kumi na mbili asubuhi, watu kama arobaini wa klabu yetu ya jogging, tukashika njia ya Chang'ombe kwa ule mwendo wetu ambao hata muuza kahawa mwenye birika lake anaweza kutupita akiamua. Mbele kijana anaimbisha, nyuma tunaitikia, miguu inapiga lami kwa pamoja kama shuleni enzi za mchakamchaka. Nikageuza mkono kutazama saa. Mapigo ya moyo: 168.

Nina miaka 46. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kwamba ukitaka kujua mwisho wa moyo wako, chukua 220 utoe umri. Nikatoa, nikapata 174. Maana yake nilikuwa nimebakiza mapigo sita tu kabla moyo haujafika ukutani, na mimi hapo naimba.

Nikajitoa pembeni nikaanza kutembea. Namba ikashuka hadi 120, kisha 112. Nilirudi nyumbani kwa bajaji.

Niseme kwa nini niliogopa kiasi kile. Mama yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na tangu siku hiyo kwetu neno "moyo" halitamkwi kwa mzaha. Saa yenyewe alinitumia kaka yangu anayefanya kazi Muscat, akiniambia, "Dada, vaa hii, itakulinda." Shangazi yangu alipoiona namba niliyoipiga picha, hukumu yake ilikuwa fupi: "Hiyo presha, mwanangu. Acha kukimbia."

Si presha. Hili nalisema mapema maana kila niliyemsimulia alianzia hapo. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa, na hupimwa kwa ule mfuko unaofungwa kwenye mkono na kujazwa upepo. Mapigo ni idadi tu, moyo umedunda mara ngapi kwa dakika. Mtu anaweza kuwa na presha ya kutisha huku moyo unadunda 65, na mwingine mapigo yakaenda 150 akiwa mzima kabisa kwa sababu amekimbilia daladala. Shangazi alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Haya, presha hiyo nayo ikoje?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na khanga kiunoni, nimejiandaa kutembea tu. Mzee mmoja wa klabu, mstaafu aliyefundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi na ambaye sote tunamwita Mwalimu, akaniuliza kulikoni. Nikampa shikamoo yake kisha nikamweleza. Hakunipa pole. Aliuliza nani mwingine ana saa.

Wanne tulikuwa nazo. Mimi, kijana wa bodaboda mwenye miaka 25, mama mmoja wa miaka 60 anayeuza vitambaa Kariakoo, na fundi friji ambaye nitamrudia baadaye. Mwalimu akatuambia tukimbie pamoja, tuimbe kama kawaida, na akipiga kelele kila mtu asome yake. Tukaenda. Akapiga kelele. Mimi 168. Bodaboda 168. Mama wa vitambaa 167. Fundi friji peke yake alikuwa na 131.

Hebu fikiria hilo. Mtu wa miaka 25, mwingine 46, mwingine 60, uzito tofauti, mazoezi tofauti, mmoja wetu ana watoto sita, na mioyo yote mitatu inadunda sawasawa kama ngoma za bendi moja. Mwalimu alikuwa ameshaacha kutazama saa, anatazama miguu yetu huku midomo inahesabu. Hatua 28 kwa sekunde kumi. Zidisha kwa sita.

"Mia na sitini na nane," akasema. "Saa zenu zinahesabu viatu."

Mara ile ile akanisimamisha, akaniambia niweke vidole viwili shingoni, pembeni ya koo, mahali mshipa unapogonga, nihesabu yeye akishika muda. Sekunde 15, mapigo 34. Zidisha kwa nne unapata 136. Kweli, moyo huanza kushuka mara tu unaposimama, kwa hiyo pengine nilipokuwa nakimbia ulikuwa 140 hivi, lakini 168 haukuwa. Na nilitakiwa kulijua hilo bila kuhesabu chochote, kwa sababu nilikuwa naitikia wimbo mstari mzima bila kukata pumzi. Mtu aliyebakiza mapigo sita kufika mwisho wa uwezo wake haimbi. Huyo hata jina lake ukimuuliza anakujibu kwa kidole.

Tangu hapo nimetaka kuelewa ilikuwaje. Ukivua saa ya aina hii na kuigeuza tumbo juu, utaona vitaa vya kijani vinapepesa. Damu ni nyekundu, na kitu chekundu hunywa mwanga wa kijani. Moyo ukidunda, wimbi la damu linafika mkononi, mishipa midogo chini ya ngozi inajaa, mwanga mwingi unamezwa na mchache unarudi. Kati ya pigo na pigo mishipa inapungua, mwanga mwingi unarudi. Saa ina kijicho kidogo kinachotazama mwanga ukiongezeka na kupungua, basi. Haijui moyo uko wapi wala haijui kama ni moyo. Inajua kuna kitu kinapanda na kushuka.

Sasa mtu anakimbia. Kila mguu ukigonga chini mkono unarushwa, damu inasukwasukwa mkononi, na saa yenyewe kama haijakaza inaruka na kutua, ikipitisha mwanga wa jua chini yake. Hapo kuna mawimbi mawili, la moyo na la mguu, na la mguu mara nyingi ndilo kubwa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana ndani ya saa mna kifaa kingine kinachopima mtikisiko ili wimbi la mguu liondolewe. Ila mawimbi mawili yakikaribiana, au la moyo likiwa hafifu, saa hushika lililo na nguvu na kuling'ang'ania. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, na hizo ndizo namba ambazo moyo unaofanya kazi nzito huweza kuzifikia. Ndiyo maana kosa hili halionekani kama kosa. Saa ingesema 400 ungecheka. Inasema 168, unapanda bajaji.

Sisi wa mchakamchaka tuko pabaya zaidi, kwa sababu wimbo unamfanya kila mtu akanyage pamoja, na mkanyago wa pamoja ni safi kuliko wa mtu anayekimbia peke yake kwa hatua za ovyo. Tulikuwa tumezipa saa zetu mdundo mzuri mno.

Fundi friji alinusurika kwa sababu ya ushamba wake, maneno yake mwenyewe hayo. Aliogopa saa itadondoka, akaikaza, na akaipandisha juu ya ule mfupa wa kifundo cha mkono karibu vidole viwili. Sisi wengine tulizivaa kama bangili. Nilipoiga uvaaji wake, Jumamosi iliyofuata nikasoma 138, nikahesabu shingoni nikapata kitu kile kile. Si dawa ya moja kwa moja. Asubuhi za baridi, ngozi ikiwa imesinyaa na damu imekimbilia ndani, saa hubahatisha, na nilipokwenda Lushoto kwenye msiba mwezi Julai nilikaa dakika kumi nzima nikikimbia mlima huku saa inasema 84. Huko ilikosea kwa upande wa pili, na hakuna aliyewahi kwenda hospitali kwa 84.

Kijana wa bodaboda alikuwa na maelezo yake: saa hizi zimetengenezewa Wazungu, ngozi nyeusi hazizioni. Tulimcheka, lakini sikupenda kumcheka, kwa sababu hoja ina mguu wa kusimamia. Rangi ya ngozi nayo hunywa mwanga wa kijani. Na kile kifaa kinachobanwa kidoleni hospitali kupima oksijeni, mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Hilo si jambo dogo, kuna watu walipumua kwa shida wakaambiwa wako sawa. Ila kwa mapigo ya moyo, mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walijaribu saa za aina kadhaa kwa watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, na tofauti kubwa waliyoikuta haikuwa ya ngozi. Ilikuwa kati ya mtu aliyetulia na mtu anayetembea au kufanya shughuli. Kwa hiyo kwenye 168 yetu, ngozi yangu naitoa hatiani.

Kaka wa Muscat nilimpigia kumweleza. Akasikitika sana, akataka anitumie saa nyingine ya bei kubwa zaidi. Nikamkatalia. Kwa Februari niliazima kitu kingine kwa rafiki yangu mwendesha baiskeli: mkanda wa kifuani.

Mkanda huu hauangalii damu wala mwanga. Unashika umeme. Kila moyo unapodunda kuna umeme kidogo sana unaopita kwenye misuli yake na kufika hadi kwenye ngozi ya kifua, na mkanda unahesabu hiyo mishtuko. Ni kazi ile ile ya mashine ya hospitali inayochora milima na mabonde kwenye karatasi, ile iliyompatia Mholanzi Willem Einthoven tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa kuhesabu mapigo, mkanda unaaminika kuliko mkono, na watu wa baiskeli wanauapia.

Siku ya kwanza nilipouvaa ukasema 224 nikiwa nimesimama getini.

Nilishazoea, sikuogopa. Nilijishika shingo: 80 na kitu. Kumbe vile vipande viwili vya mpira vinavyogusa kifua vikiwa vikavu, umeme wa moyo haupiti vizuri, na ukiwa na fulana ya poliesta inayojisugua kifuani, inazaa umeme wake mdogo, ule ule unaosikika ukichacharika ukivua sweta wakati wa baridi. Mkanda unauhesabu huo kama mapigo. Rafiki yangu aliniambia niviloweshe kwa maji kabla ya kuvaa, au nivilambe. Nikalamba. Dar es Salaam tatizo hili halina maisha marefu, dakika tano umeshalowa jasho mpaka soksi. Ukiwa Njombe mwezi wa sita ni hadithi nyingine, unaweza kumaliza kilomita mbili bado ni 210.

Kwa hiyo nilikwenda Moshi na mkanda, kwenye zile mbio za Kilimanjaro zinazofanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nilikimbia kilomita 21. Aliyewahi kukimbia nusu ile anakijua kipande cha kupanda kuelekea Mweka. Migomba pembeni, watoto wanakupungia, na barabara inainuka, inainuka, unadhani umefika, inainuka. Pale juu mkanda uliandika 187.

Nilijishika shingo nikashindwa kuhesabu, mapigo yanakimbia mno, lakini hayakuwa mbali na hapo. Na wala sikuweza kuimba. Mtu alinipa maji, nikamshukuru kwa kichwa.

Yaani moyo wangu ulikuwa umevuka "mwisho" wake kwa mapigo 13. Ikabidi nirudi kwenye ile hesabu ya 220 kutoa umri, niulize imetoka wapi. Inatokana na kazi ya Wamarekani, Samuel Fox na William Haskell na wenzao, kama ilivyoandikwa mwaka 1971. Walikusanya vipimo kutoka tafiti mbalimbali za watu wengine, wakaviweka kwenye grafu, wakaona mstari unaokaribia kupita katikati. Ulikuwa mstari wa kukadiria. Haukuwa ukuta. Lakini namba rahisi ina miguu, ikatembea mpaka kwenye mabango ya vyumba vya mazoezi na sasa imo ndani ya saa yangu, ikinipigia king'ora cha rangi nyekundu.

Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa tafiti 351 zenye watu 18,712, wakapata kanuni nyingine: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa kwenye 208. Kwangu mimi inatoa 176, haina tofauti ya maana. Kwa mama wa vitambaa inaleta tofauti kidogo, 166 badala ya 160. Lakini hata kanuni iliyo bora ni wastani wa umati. Watu wa umri mmoja wanapishana mapigo kumi au kumi na mbili juu au chini na wote ni wa kawaida, na wachache wanapishana zaidi ya hapo. Ni kama kusema mwanamke wa Kitanzania anavaa kiatu namba 39. Sawa, na wewe unavaa 42. Utakata vidole?

Mwalimu, aliyependa sana habari hii ya mstari, alisema hivi ndivyo alivyokuwa akiwaonya wanafunzi wake miaka yote: ukishachora mstari katikati ya nukta, usizisahau nukta.

Joto nalipitia haraka, ingawa ndilo linalowasumbua watu wengi wa pwani. Machi ile nilikimbia kilomita nane kwa mwendo mmoja, mkanda kifuani, na namba ikaanza 138 ikaisha 159. Mwendo haukubadilika. Kinachotokea ni kwamba mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, jasho linapunguza maji ya damu, moyo unapata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo, basi unaongeza mapigo kufidia. Na hewa yetu imeshiba unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, kwa hiyo halipozi kitu. Nilijipima kwenye mizani kabla na baada, nikawa nimepungua kilo na robo. Hiyo 159 ilikuwa ya kweli kabisa. Ni bei ya kukimbia Dar mwezi Machi, na anayetaka kuilipa kidogo aamke saa kumi. Vivyo hivyo kahawa, usingizi wa saa tatu, dawa ya pumu ya kuvuta, homa inayonyemelea: joto la mwili likipanda nyuzi moja, mapigo hupanda kama kumi. Wawili katika klabu yetu walianza kuhisi malaria yao kwenye saa kabla ya kichwa kuuma, au ndivyo wanavyodai.

Nilisema nitamrudia fundi friji.

Ilikuwa Mei, tumesimama kufunga kamba za viatu. Akainama, akainuka, akasema, "Mwalimu, tazama hii." Saa yake, ile iliyokazwa vizuri, ilikuwa imeruka kutoka 128 hadi 211. Sote tukasema vaa vizuri. Mwalimu akamweka vidole shingoni, akanyamaza, akasema hapa hapahesabiki, panatetemeka tu. Kijana alikuwa amekaa chini, ametulia, jasho jembamba usoni, na namba haishuki. Dakika tano. Kumi. Kisha ghafla ikaanguka hadi 96, kama mtu kazima swichi.

Moyo wa mazoezi hupanda kama mtu anayepanda ngazi, na hushuka kwa ngazi hizo hizo. Ukiruka mara moja, ukakaa juu hata baada ya kupumzika, kisha ukaanguka mara moja, hiyo si ngazi. Hospitali mchoro wa kwanza ulikuwa safi, kwa sababu alipofika moyo ulishatulia, na karibu wamrudishe nyumbani. Daktari mmoja akamfungia kifaa kidogo cha kurekodi umeme wa moyo mchana na usiku, na safari ya pili ya kukivaa ndiyo ilinasa. Ana njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, kazaliwa nayo, na umeme huwa unazunguka humo kama gari kwenye mzunguko usio na njia ya kutokea. Anatumia dawa, anaendelea na friji zake. Daktari alituambia wengine pia: ukizimia au kutaka kuzimia ukiwa mazoezini, kifua kikibana, au kama kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, usipoteze muda kubishana na saa. Nenda.

Sasa yangu.

Juni ikafika, kipupwe, upepo wa kusi, ule msimu mtamu ambao hata Dar mtu anaweza kukimbia akafurahi. Mapigo yangu yalipaswa kushuka. Mwendo ule ule wa Chang'ombe uliokuwa 138 ukawa 150, kisha 160. Nikasema saa imeanza tena mambo yake ya viatu. Nikaikaza, ikabaki. Nikavaa mkanda, nikaulamba, 163. Nikasema mkanda wa kuazima huu, umechoka. Hata shingoni nilihesabu 41 kwa sekunde 15, na nikajiambia nimehesabu vibaya.

Saa ilikuwa imenidanganya miezi mitano, na nilikuwa nimejenga umahiri wa kuikatalia. Ndicho kilichonigharimu. Nilikuwa na majibu ya kila namba.

Mwili ulikuwa unasema kwa njia nyingine pia, ila sikuuunganisha. Ngazi za ofisini, ghorofa ya tatu, nilianza kusimama ya pili nikijifanya natafuta simu kwenye mkoba. Na nilianza kutafuna mchele mbichi. Naona aibu kuandika hili, lakini najua nitaeleweka na wengi. Naanza na punje chache nikichagua mchele wa kupika, mwisho namaliza kikombe. Shangazi aliniona. Akafunga mlango wa jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kukaa chini nikagundua nimechoka.

Kwenye klabu ilikuwa ni wimbo. Zamu ya kuimbisha ilinifikia, mstari wa pili pumzi ikakata. Nikaanza tena, ikakata. Kijana wa bodaboda akaupokea wimbo kama vile tulipanga. Mwalimu alikuja kutembea kando yangu bila kusema kitu, kisha akasema, "Binti, leo saa yako ikoje?" Nikamwambia 161. "Na miguu?" Akawa ameshaihesabu. Ilikuwa 168.

Namba mbili tofauti. Safari hii saa haikuwa inahesabu viatu.

Maabara walinitoa damu Jumatatu. Wingi wa damu 8.4, na kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa upungufu. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, aliniuliza kuhusu siku zangu nikamwambia kawaida, akaniuliza kawaida ndiyo pedi ngapi. Nilipomwambia akaacha kuandika. Kipimo cha picha kilionyesha uvimbe kwenye kizazi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwaga damu kila mwezi huku nikihangaika na fulana za poliesta. Damu ikiwa nyepesi, kila pigo linabeba oksijeni pungufu, basi moyo unadunda zaidi ili mzigo ufike. Ulikuwa unafanya kazi yake vizuri sana. Na ule mchele, kumbe hamu ya kutafuna vitu visivyo chakula, udongo, barafu, mchele, ni rafiki wa zamani wa upungufu wa madini ya chuma.

Kile kitaa cha kijani, nilikuja kufikiri baadaye nikiwa kitandani, kinasoma wekundu wa damu. Ndicho hasa nilichokuwa nimepungukiwa, na bado kiliweza kusoma.

Vidonge vya chuma nilimeza miezi mitatu na zaidi. Vinafanya choo kuwa cheusi, tumbo linalalamika. Shangazi aliongeza maini, matembele, na juisi ya rozela aliyokuwa ananisimamia mpaka niimalize. Rozela sijui ilifanya nini, ila alifurahi. Kilichonishangaza ni chai: daktari alinikataza chai ya rangi pamoja na chakula na vidonge, kwa kuwa inazuia chuma kuingia mwilini. Mimi mtu wa vikombe vitano. Hilo lilikuwa gumu kuliko Mweka. Uvimbe wenyewe unaendelea kufuatiliwa, na nikiandika haya bado hatujaamua cha kufanya.

Kufikia Oktoba wingi wa damu ulikuwa 12.1, na Chang'ombe ikarudi kuwa 141.

Jumamosi ya juzi alikuja binti mpya, mwanafunzi wa chuo, saa mpya mkononi kama bangili. Tulipofika kwenye kona akajitoa pembeni, amekunja uso, ananionyesha mkono. "Mama, moyo wangu mia na sabini!" Nikatazama viatu vyake, nikamtazama Mwalimu. Yeye hata saa hakuiangalia.

"Imbisha," akamwambia.

Binti akasita, akadhani anataniwa. Kisha akaimba. Sauti haina ufunguo, maneno nusu hayajui, lakini pumzi ilikuwepo, mstari baada ya mstari, tukamwitikia mpaka tukarudi Tandika, na saa yake njia nzima ikabaki mia na sabini.